Baba anataka niwe muuguzi, mimi natamani kusomea magonjwa ya mimea

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinitaje jina. Kijijini kwetu safu yako inasomwa, na baba anaweza kuiona kabla sijajua la kumwambia.

Nina miaka 20, mtoto wa tatu kati ya sita, natokea mkoani Njombe. Mwaka huu nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na matokeo yaliyotoka majuzi yamenipa daraja la pili. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni. Jioni ileile baba akawatangazia wageni kwamba binti yake anakwenda kusomea uuguzi. Hakuwa ameniuliza. Nilitabasamu tu kwa sababu watu walikuwa wengi.

Wazazi wangu ni wakulima wa viazi mviringo. Sare, madaftari, nauli, michango, vyote vimetoka kwenye viazi. Baba ana mashamba mawili, moja la mlimani na jingine la bondeni karibu na mto. Ni mchapakazi, na watu humfuata kumuuliza mambo ya kilimo. Lakini hataki hata mmoja wetu afanye kazi hiyo. Nilipomdokezea kwamba naipenda sayansi ya kilimo alinikatiza: "Sikukusomesha ili urudi kushika jembe."

Ngoja nikueleze hamu hii ilikotoka. Nikiwa kidato cha tano nilirudi likizo nikakuta viazi vya bondeni vinanyauka. Haikuwa kama tulivyozoea wakati wa ukungu, majani kupata mabaka na kukauka. Mmea ulikuwa wa kijani kabisa lakini umelala, utadhani umekosa maji, na huku ardhi ina unyevu. Baba alikuwa ameshapiga dawa ya ukungu mara kadhaa, na dawa yenyewe aliikopa kwenye duka la pembejeo kwa ahadi ya kulipa akivuna. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa ametuonyesha jaribio moja. Nikang'oa mmea, nikakata shina karibu na udongo, nikaliosha, nikalining'iniza kwenye glasi ya maji safi hadi ncha yake ikagusa maji, nikaiacha glasi itulie mezani. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kuteremka kutoka kwenye shina kwenda chini ya glasi. Huo ni mnyauko wa bakteria. Dawa ya ukungu haiugusi.

Nilimwita baba aone. Akainama, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akatoka nje bila kusema neno. Mwaka ule bondeni hatukupata kitu cha kuuza. Deni la dawa lilibaki palepale, na kaka yangu aliyekuwa chuo cha ufundi alikaa nyumbani mwaka mzima ili lilipwe. Tangu hapo nawaza: kama angekuwepo mtu wa kuutambua ule ugonjwa mapema, au kama mbegu tuliyonunua kwa jirani ingekuwa imekaguliwa, tusingefika kule. Nataka niwe mtu huyo. Nataka kusomea magonjwa ya mimea.

Lakini nikitaja kilimo kila mtu ananikatisha tamaa. Kaka yangu mwingine, mtoto wa baba mkubwa, ana shahada ya kilimo. Huu ni mwaka wa nne tangu amalize chuo, ameomba kazi serikalini hadi amechoka, sasa ana kibanda cha miamala ya simu Makambako. Baba humtaja kila tukizungumza. Wenzangu wa shule wanasema kilimo ni kozi ya waliokosa udaktari. Wengine wananiambia msichana hupangiwa kijiji cha mbali, na wazee hawamsikilizi binti anayewaelekeza namna ya kulima.

Mjomba naye anasema nisisome tena. Atanipa ekari mbili nipande parachichi za Hass kama wengi wa huku kwetu, na hela ya chuo iwe mtaji. Anasema nikifika miaka 25 nitakuwa nimewapita wenzangu wenye vyeti.

Mama hasemi mengi. Juzi tukiwa jikoni aliniambia, "Chagua, lakini wakumbuke wadogo zako." Maneno hayo yananikosesha usingizi kuliko ya baba.

Kipo chuo cha kilimo Uyole, Mbeya, ambako ningeweza kuchukua stashahada, si mbali na nyumbani. Ipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa shahada. Upo uuguzi wa baba, na zipo ekari za mjomba. Dirisha la maombi limefunguliwa, na mkopo sijui kama nitaupata. Simchukii baba, Shangazi. Ndiye aliyenifikisha hapa. Nifanye nini?

Binti wa wakulima, Njombe

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba binti yangu, na hongera sana. Daraja la pili kwa PCB, kutoka nyumba ambayo kila daftari limenunuliwa kwa jasho la shamba, ni kazi kubwa mliyoifanya wote pale nyumbani.

Nikikuelewa vizuri, unaniuliza usome nini, lakini ndani ya swali hilo umeficha mengine. Hujaamua unataka kuamka kila asubuhi ukafanye kazi ya namna gani. Hujui kama uende na shahada, stashahada, au uingie shambani moja kwa moja. Na hujui utamwambia nini baba. Hofu ya ajira imeyafunika yote. Niruhusu nianze na baba, kwa kuwa hata unapozungumzia bakteria naona unamzungumzia yeye.

Kauli yake ya jembe umeichukua kama dharau kwa kilimo. Huenda ni hivyo. Lakini mfikirie mtu aliyeuza viazi kwa lumbesa miaka yote hiyo: gunia linajazwa, linaongezewa juu hadi linaota kichwa, linashonwa kwa kamba, naye analipwa bei ya gunia moja. Ujazo huo umepigwa marufuku, Wakala wa Vipimo wanausema kila mwaka, na bado malori yanaondoka nao. Mfikirie amekopa dawa, amepuliza, amepoteza. Mtu wa namna hiyo akisema hataki mwanawe ashike jembe, anaweza kuwa anasema tu, usiteseke nilivyoteseka mimi. Anachokikataa ni hasara ambayo mkulima huibeba peke yake, na hapo ana hoja nzito. Kazi ya mtaalamu wa magonjwa ya mimea inawezekana hajawahi kuelezwa ilivyo.

Halafu kuna siku ya glasi. Wewe uliondoka pale mezani ukiwa na hamu ya maisha. Yeye aliondoka na nini? Alikuwa mbele ya mtoto wake, akionyeshwa kwamba dawa ya mkopo aliimwaga bure. Mimi na wewe hatuwezi kumsemea, na katika barua yako sijaona kama mmewahi kuizungumzia siku ile. Kabla ya kumletea habari ya kozi, muulize kuhusu mwaka ule. Alijisikiaje? Angetamani nani awepo kumsaidia? Muulize mkiwa wawili, mkiwa kazini kama inawezekana, na hoja zako za chuo ziache nyumbani siku hiyo. Anaweza kukujibu kwa ukali, kwa sababu unagusa donda. Anaweza pia kukuambia jambo ambalo hukulitarajia.

Sasa nikuulize na wewe. Zile nyuzi nyeupe ziliposhuka, ni nini hasa kilichokugusa? Ni kukijua chanzo wakati kila mtu anabahatisha? Ni mmea wenyewe? Au ni uso wa baba? Nauliza kwa sababu kila jibu lina njia yake. Mwenye kiu ya kujua chanzo anaweza kuishi kwa furaha katika maabara ya mimea, ya mifugo, ya chakula, hata ya hospitali. Kwa PCB yako milango hiyo yote unaweza kuibisha, na sayansi ya maabara za afya huenda ingemtuliza baba bila kuizima kiu yako. Aliyeguswa na mmea hatatosheka huko. Na aliyeguswa na uso wa baba ana kazi tofauti ya kufanya moyoni mwake, kwa sababu shahada haitaurudisha msimu ule, na deni la dawa hukulikopa wewe.

Jambo jingine lililonishtua kidogo: katika barua yako kilimo kina sura mbili tu, jembe la baba na afisa aliyetupwa kijiji cha mbali. Hebu niongeze nyingine, maana ndizo zitakazokusaidia kujijua.

Mfikirie mkaguzi wa mbegu. Mbegu kabla haijapewa lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, yenye makao yake Morogoro, lazima shamba lake liwe limetembelewa na kukaguliwa. Mkaguzi anapita kwenye mistari, anahesabu mimea isiyofanana na aina iliyosajiliwa, anatafuta dalili za ugonjwa, na kwenye viazi huo mnyauko wenu ni mmoja wa maadui wakubwa, kwa kuwa unasafiri ndani ya mbegu bila kuonekana na ukishaingia hauna dawa ya kupuliza. Akiukuta, analikataa shamba. Na mwenye shamba yupo pale, amewekeza fedha zake, anamtazama. Je, ungeweza kumwambia mtu aliye kama baba yako kwamba viazi vyake vyote haviwezi kuuzwa kuwa mbegu? Ukisema ndiyo, kwa sababu unakumbuka bonde lenu, basi umeshajua kitu kuhusu wewe mwenyewe. Ukihisi moyo unakataa, hilo nalo ni jibu, na halina aibu.

Kuna wakaguzi wa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wanaosimama mipakani kama Tunduma wakikagua mazao na vyeti vyake ili mdudu au ugonjwa mgeni usipite. Ulikuwa bado shule ya msingi viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, na mdudu aitwaye kantangaze alikuwa ameshaanza kuzimaliza nyanya za watu. Kila mgeni wa aina hiyo akipenya, wakulima hulipa miaka mingi. Kuna wanaofanya kazi ndani kabisa, wakikuza miche ya viazi katika chupa za maabara kutoka kwenye kipande kidogo cha mmea kisicho na ugonjwa, ili mbegu safi ianzie hapo. Huyo huenda siku nzima asikanyage tope. Na wapo wataalamu wa chakula, ambao nchi iliukumbuka umuhimu wao kwa uchungu mwaka 2016, sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka, ilipoua watu Dodoma na Manyara. Wa udongo, wa umwagiliaji, wa masoko na wa mikopo ya kilimo nawapitia haraka kwa sababu barua yako haikuelekea kwao, lakini usiwafute.

Utafiti, ambao nadhani ndio unaouota, una sura ambayo hukuigusa. Mtu hawi mtafiti kwa shahada ya kwanza peke yake. Utahitaji uzamili, na mara nyingi zaidi ya hapo. Kazi nyingi huendeshwa kwa fedha za miradi, na mradi ukiisha mkataba nao unaweza kuisha. Majibu pia hayaji haraka. Ugonjwa wa michirizi kahawia wa mihogo ulielezwa kitaalamu katika miaka ya 1930 kutoka kituo cha Amani, milima ya Usambara, kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na watafiti wetu bado wanapambana nao hadi leo. Glasi yako ilikujibu kwa dakika chache. Je, utakuwa na subira na swali lisilojibiwa mwaka huu wala mwaka kesho?

Kuhusu kaka yako wa Makambako, usimchukue kama ushahidi kabla hujamsikiliza. Ni kweli kwamba nafasi za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira hugombewa na watu wengi mno, na shahada ya kilimo haikuhakikishii chochote. Lakini nenda ukae naye. Muulize alifanyia wapi mafunzo kwa vitendo, kama aliwahi kuomba kwenye kampuni za mbegu au kwa wasafirishaji wa parachichi hapo mkoani kwenu, na nini angekifanya tofauti. Huenda alijaribu vyote na milango ikafungwa. Hapo utajua ukubwa wa hatari. Huenda alisubiri mlango mmoja tu. Na ujue mapema kwamba kampuni za pembejeo zikimwajiri mhitimu mpya, mara nyingi humpa kuuza bidhaa kwa malengo ya kila mwezi. Wapo wanaoipenda kazi hiyo, na wapo inaowachosha.

Nauliza swali hilohilo kuhusu uuguzi. Baba anaamini ajira yake ni ya uhakika. Kwangu zinafika pia barua za wahitimu wa afya wanaojitolea hospitalini huku wakisubiri kupangiwa kazi. Silengi kukuondoa huko. Uuguzi ni kazi yenye heshima kubwa, na kuna watu walioingia kwa kumtii mzazi wakaipenda. Kuna pia walioingia hivyo wakaishi na kinyongo hadi leo, na wagonjwa wao wanakihisi. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, zungumza na muuguzi, muulize zamu ya usiku ikoje. Unaweza kuwa unaukataa uuguzi kwa sababu tu umechaguliwa na baba.

Shahada au stashahada? Mama amekuambia uwakumbuke wadogo zako, nami ningependa umuulize ana maana gani hasa. Unatarajiwa kuanza kusaidia lini, na kwa kiasi gani? Bila kulijua hilo utabeba mzigo usio na kipimo. Stashahada katika chuo kama MATI Uyole, hicho cha kilimo ulichokitaja, kwa aliyemaliza kidato cha sita, kwa kawaida ni miaka miwili. Iko karibu na nyumbani, ina mikono shambani, na baadaye unaweza kuendelea na shahada. Shahada nyingi za kilimo SUA ni miaka mitatu, ya tiba ya mifugo mitano. Ya uuguzi huchukua miaka minne, jambo ambalo sijui kama baba amelihesabu. Stashahada inakupeleka zaidi kwenye ugani na usimamizi wa mashamba, na safari ya kufika kwenye utafiti kutoka hapo ni ndefu zaidi. Shahada inakuweka karibu na maabara, lakini inadai fedha nyingi zaidi na miaka zaidi ya wadogo zako kusubiri. Ukiitazama SUA usiishie kwenye kozi yenye jina la kilimo. Tazama pia agronomia, na bioteknolojia na sayansi za maabara, uone masomo ya kila mwaka yanasemaje kuhusu magonjwa ya mimea.

Ekari za mjomba zinastahili heshima, kwa sababu ardhi si zawadi ndogo. Hass iliyobebeshwa huanza kuzaa kidogo kwenye mwaka wa tatu hivi, na mavuno ya kutegemewa huja baadaye. Kwa hiyo mpango wa kuwapita wenzako ukiwa na miaka 25 una miaka kadhaa ya kupalilia, kumwagilia na kulinda bila kuingiza shilingi, na bei ya soko la nje huijui leo. Swali ninaloliona kubwa kuliko la bei ni hili: miti ikishakua, itakuwa ya nani? Mjomba akifariki, au watoto wake wakitaka eneo lao? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini haki hiyo haijilindi yenyewe kwenye kikao cha ukoo. Ukiikubali ardhi, iwe kwa maandishi mbele ya serikali ya kijiji, na ulizia hatimiliki ya kimila kwa jina lako. Na mwulize mjomba kwa upole kama ni lazima uache shule ili upewe. Labda mnaweza kuanza na miti michache ambayo mama ataitazama ukiwa masomoni. Labda atakataa, na hapo utajua ofa yake ina masharti gani.

Umeniambia pia kwamba wazee hawamsikilizi binti. Wengine hawamsikilizi, sitakuficha, na wewe utaombwa uthibitisho ambao kijana wa kiume haombwi. Nyumba ya kupanga, usalama wa njiani jioni, haya ni ya kweli kwa mwanamke anayefanya kazi vijijini, ingawa usafiri umekuwa na nafuu tangu serikali ilipoanza kuwapa maafisa ugani pikipiki mwaka 2022. Lakini nakukumbusha kwamba baba yako, anayefuatwa na kijiji kizima kwa ushauri, aliinama akaitazama glasi uliyoiandaa wewe. Mtafute bibi shamba wa kata yenu au ya jirani, omba umfuate kazini siku moja. Atakueleza mambo ambayo mimi niliye mezani siwezi.

Kwa upande wa muda, presha ni ndogo kuliko unavyoihisi. Maombi ya shahada hufanywa kwa kila chuo, na unaruhusiwa kuomba vyuo na kozi zaidi ya moja kwa ada ndogo ya maombi. Ukichaguliwa na zaidi ya kimoja, ndipo unapotakiwa kuthibitisha kimoja. Kwa hiyo unaweza kuomba uuguzi na kilimo kwa pamoja, bila kumdanganya mtu, na ukajipa wiki kadhaa za kuzungumza. Mwambie baba wazi kwamba umeomba vyote viwili. Akija kugundua mwenyewe ataona umemzunguka. Maombi ya mkopo hayasubiri uamuzi wako. Bodi ya Mikopo huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na hicho ndicho huwachelewesha wengi, basi lifuatilie hilo wiki hii.

Na maonyesho ya Nane Nane yanakuja. Viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, mwanzoni mwa Agosti, huwakusanya watafiti wa TARI Uyole, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, watu wa mbegu na vyuo, wote wakiwa na muda wa kujibu maswali. Fikiria kumwomba baba mwende pamoja. Msibebe mmea mgonjwa, kwa sababu bakteria wale husambaa kwa udongo na maji na pale kuna vitalu vya watu. Pigeni picha tu. Mkifika banda la viazi, wewe kaa kimya kidogo. Mwache yeye aulize, kuhusu bonde lake, kuhusu mbegu ya jirani, kuhusu muda ambao shamba lile linapaswa kupumzika kwa mahindi au ngano kabla ya kurudishiwa viazi. Akiona ni kazi gani mtu yule aliyesimama mbele yake anaifanya, mazungumzo yenu ya chuo yatakuwa na mahali pa kuanzia, hata kama mwisho wake atabaki na msimamo wake. Niandikie mkirudi, unieleze aliuliza nini.

Shangazi